Bledi ya Kukatia Mlango wa Bibi

Somoe mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo tukiwa stendi, kwa hiyo humu siziandiki. Umekwenda kuaga kwa akina Esha, na kwa ninavyokujua hutarudi kabla jua halijatua. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, dirisha liko wazi, naona mabati ya Mkomaindo na moshi wa majirani wanaopika mapema. Begi lako liko karibu na mlango. Nimelifungua na kulifunga mara kadhaa, na kila mara nimekuta vitu vyote viko palepale nilipoviacha.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kunywa chai kabla ya kushika kazi, wala za kuwahi kumpa mke wa mjomba wako shikamoo yake asubuhi. Hayo nimeyasema mpaka juzi ukanijibu, "Mama, nimesikia. Hata kuku wamesikia." Nilijifanya nimekasirika, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu.

Nataka kukuandikia juu ya bledi.

Najua utatabasamu. Mama wengine wakiwaandikia watoto wao huandika mambo makubwa. Mimi ni karani wa stoo katika karakana ya samani, mtu anayehesabu misumari na kuandika gundi iliyoingia na iliyotoka, na mambo makubwa sikuyajua vizuri hata nilipoyafanya. Bledi, haya maduara ya chuma yenye meno, nazijua kidogo, kwa sababu nilizikosea. Nitakuambia nilivyozikosea. Mengine utayaona mwenyewe.

Mjomba wako Issa alipopiga simu kusema amekubali uende Newala ukae kwake na kujifunza kazi, alitaka kitu kimoja tu. Si ada, si godoro. Alisema, "Aje na bledi yake ya mashine ya kukatia kona." Nilimuuliza kama karakana yake haina bledi. Akacheka. Akanikumbusha kwamba yeye mwenyewe alipokwenda kujifunza kuchonga alikwenda na chuma cha tezo yake mkononi. Mpini aliambiwa autafute hukohuko porini. Mwalimu wake alikitazama kile chuma kabla ya kumtazama usoni. Sasa yeye hachongi tena, anatengeneza makasha na fremu, na tezo imekaa pembeni. Lakini lile la kuja na chuma chako amelibakiza. Kwetu mjomba akishasema jambo juu ya mtoto, mama hujibu "sawa, kaka," nami nikajibu hivyo.

Kisha akaniambia kazi utakayoifanya kwa bledi hiyo, na tangu siku ile sijalala vizuri.

Utaukata mlango wa bibi.

Unaukumbuka, ule wa nyumba ya zamani ya Makote. Nyumba ile ilibomolewa mpya ya matofali ilipokwisha, lakini bibi alikataa mlango ufanywe kuni. Ni mninga mtupu, mbao pana tatu, za enzi ambazo mninga mpana ulikuwa bado unaonekana. Mjomba alizilaza juu ya boriti za karakana yake, na kila mteja aliyeziulizia alijibiwa kwamba zina mwenyewe. Sasa mwenyewe ameamua. Bibi anataka kasha la kuwekea khanga na vitenge vyake. Anataka kona zake zikutane kwa mshazari, ubao na ubao, bila hata mmoja kuonyesha kichwa chake kilichokatwa, na ile mistari ya mninga izunguke kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kana kwamba mti ulijikunja wenyewe. Na amesema mkono utakaolitengeneza ni wako. Mjomba atasimama pembeni.

Mbao zinatosha kasha moja. Ukikosea kona moja, unakata tena, kasha linapungua. Ukikosea ya pili, mistari haikutani tena popote. Hakuna mti mwingine uliowahi kuwa mlango ule.

Nilimpigia bibi kumwambia labda uanze na mbao nyingine, mninga wa sokoni, hata mpaini. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Mwanangu, mbao ni zangu. Woga ni wako. Kila mtu achukue mzigo wake." Akaniuliza kama mvua imenyesha Masasi.

Basi nikuambie bledi yangu ya kwanza.

Nilipoanza kazi karakana nilikuwa na cheti cha ugavi kutoka chuoni na sketi moja ya kazi. Nilikuwa nimesoma namna ya kulinganisha bei na namna ya kupanga rafu. Bledi ya mashine ya kona ikaisha makali, na Fundi Kaspari, ambaye wewe umekua ukimwita babu, akanituma dukani kwa Saidi.

Saidi akaniuliza, "Unataka ya kupasulia au ya kukatia?"

Sikujua kwamba hayo ni mambo mawili. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kurudi kuuliza, maana karakana iko hatua chache tu. Lakini nilikuwa mgeni kazini, msomi, na watu wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu wakisubiri misumari. Nikasema, "Nipe iliyo nzuri."

Akanipa yenye meno makubwa machache, yaliyoinama mbele kama watu wanaokimbilia gari. "Hii," akasema, "inakula mbao kama andazi."

Fundi Kaspari aliipokea, akaigeuza, akaniangalia. "Mama Somoe, umeninunulia mamba."

"Hairuhusiwi?"

"Mamba anaruhusiwa mtoni."

Lakini ulikuwa msimu wa korosho, watu wameuza, kila mtu anataka kabati la vyombo na kitanda kabla fedha hazijapata kazi nyingine, na mteja alikuwa amekaa kwenye benchi akitutazama. Fundi akasema tujaribu, polepole. Akaifunga, akawasha, akashusha mkono wa mashine. Yale meno hayakusubiri. Yaliurukia ubao, mashine ikajivuta mbele, kipande kikachomoka na kugonga bati la paa kwa kishindo ambacho bado nakisikia. Hakuna aliyeumia. Mteja aliinua miguu yake yote miwili juu ya benchi, kama mtu aliyeona nyoka. Tulipoutazama ubao, upande wa chini wa kona ulikuwa umechanika, vijiti vimesimama kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi.

Nikaelewa pale. Ukipasua ubao kwa urefu, unakwenda pamoja na nyuzi za mti, na meno makubwa yenye nafasi pana yanatupa nje unga mwingi na kusonga mbele. Ukikata kona unazivuka nyuzi zile. Zinataka kukatwa moja moja, na jino linalozivuka kwa pupa haliwezi kuzikata, litazing'oa. Jino lililoinama mbele linauvuta ubao. Jino lililoinama nyuma kidogo linangoja mkono wako ulisukume. Kwenye mashine inayoshuka kutoka juu, hilo ndilo unalolitaka, lile linalongoja.

Ningeishia hapo ningekuwa nimejifunza kitu kizuri. Sikuishia hapo, kwa sababu nilikuwa nimeogopa, na ukiogopa hujifunzi kitu kimoja tu, unajifunza na uwongo wake. Mimi nilijifunza kwamba meno machache ni hatari, kwa hiyo meno mengi ni usalama.

Mara ya pili nilikwenda kwa Saidi nimejiandaa. Nikamwambia nataka yenye meno mengi kuliko zote. Akanitolea ya meno mia. Aliniambia wazi kwamba ni ya alumini, ya wale wanaotengeneza madirisha, ambao siku hizi Masasi wamejaa kila mtaa. Nilimsikia. Lakini nilipopitisha kidole kwenye ule ukingo, meno yalikuwa madogo, yamebanana, hayamtishi mtu. Nikainunua kwa moyo mweupe.

Na kwa muda iliniheshimisha. Fundi Kaspari alikata nayo fremu nyembamba za picha, kona zikatoka laini kama zimepigwa msasa. Akaniita nje ya stoo kunionyesha. "Leo umeninunulia panya," akasema. "Panya safi." Hata yeye hakuona tatizo, na nalisema hili kwa sababu hupenda kulisema mwenyewe kila akisimulia kisa hiki: "Tulikosea sote, mimi na karani."

Akaja mzee mmoja kutoka upande wa Newala, na nguzo mbili za nyumba ya baba yake. Zilikuwa nyeusi, nzito, ngumu. Alitaka fremu ya kioo kikubwa, ya kuwekwa sebuleni, ili ukumbusho usibaki nje kwenye mvua. Zikarandwa juujuu, zikawekwa kwenye mashine na ile bledi yangu.

Unajua zile nguzo zilikuwa nyeusi kwa nini? Unajua, kila mtoto wa huku anajua. Zilikuwa zimepakwa mafuta ya maganda ya korosho, miaka na miaka, mchwa wasiziguse. Babu yako alipaka nyumba nzima hivyohivyo. Sisi sote pale karakana tumekua na mafuta yale. Tumeona mikono ya mama zetu ikibabuka wakibangua. Tunajua ukichoma maganda unasimama upande ambao upepo unatoka. Lakini ganda lilikuwa ganda vichwani mwetu, na nguzo ilikuwa nguzo. Mtu mgeni angeuliza ule weusi ni nini. Sisi hatukuuliza kwa sababu tulikuwa tumeuzoea. Hakuna aliyefikiri kwamba tunapoukata mti ule kwa bledi inayopata moto, tunachoma maganda ndani ya chumba.

Yale meno mia hayakuwa na mahali pa kuweka unga. Mti ulikuwa mnene, mafuta yakalainika, unga ukawa kama ugali, ukajaza kila kinafasi kati ya jino na jino. Bledi ikawa haikati tena, inasugua. Moshi ukatoka. Fundi akakohoa, akazima mashine. Mimi nilikuwa nimesimama karibu mno, nikiangalia bledi yangu ikifanya kazi.

Jioni ile uso wangu ulivimba, macho yakafumba nusu, mikono ikatoka malengelenge madogomadogo. Ulikuwa mdogo, ndiyo kwanza umeanza kukaa nami hapa Masasi. Ulinitazama kwa muda mrefu ukasema, "Mama, leo umenenepa uso." Hukutaka nikubebe. Ukakaa upande wa pili wa mkeka na kunitazama mpaka usingizi ukakuchukua.

Fremu ya yule mzee tuliimaliza. Kona zilikuwa zimeungua, zimekuwa ngumu na za kung'aa, na gundi haikushika vizuri, kwa sababu mbao iliyoungua hainywi gundi. Kioo kilikaa ukutani kwake wiki kadhaa, kisha kona moja ikaachia, nyingine ikafuata. Aliirudisha bila maneno mengi. Aliiweka mezani, akasema, "Nguzo zilibeba nyumba, zimeshindwa kubeba kioo." Fundi Kaspari aliikata upya ikawa fremu ndogo. Mzee aliichukua, lakini sikuwahi kumwona tena.

Bledi ya kwanza niliinunua kwa sababu niliona aibu kuuliza. Ya pili niliinunua kwa sababu niliiogopa ya kwanza. Nimefikiri sana juu ya hili wiki hii, Somoe, na naona kwamba vitu vingi vya maisha yangu nilivichagua kwa namna ya ile bledi ya pili.

Sasa nikuambie jambo la ule mlango. Bibi analijua. Wewe ulikuwepo, lakini hulikumbuki.

Nilikuzaa mara tu nilipomaliza kidato cha sita. Baba yako alikwenda Songea kutafuta kazi, akapata na kazi, na mke. Bibi akasema niende chuo, wewe ubaki naye Makote. Nikaenda. Nilikuwa narudi likizo, na kila likizo ulikuwa umerefuka. Likizo ya mwisho sikuja, nilibaki kwenye mafunzo ya kazi. Nilipomaliza kabisa nikapanda Makote na cheti changu na gauni jipya kwa ajili yako, nikabisha hodi. Mlango ulikuwa nusu wazi. Nilikuona umesimama nyuma yake, umeshika ukingo wa ubao kwa vidole vyako, jicho moja linanitazama.

Bibi akakuambia kutoka uani, "Somoe, mwitikie mgeni."

Alisema mgeni kwa mazoea. Hakuwa amejua ni mimi. Nikabisha tena, nikasema, "Hodi, Somoe." Hukuitika. Ulirudi nyuma mpaka lile jicho nalo likapotea, zikabaki ncha za vidole vyako juu ya ule ubao mweusi. Nikakaa kizingitini nikingoja, na sikujua nifanye nini na lile gauni.

Baadaye ulinizoea, watoto huzoea. Lakini mimi niliamua jambo pale kizingitini, na sikulitamka hata kwangu mwenyewe. Niliamua kwamba nikikuchagulia kila kitu vizuri, hutapata sababu ya kujificha tena. Nikakuchagulia viatu, njia ya kwenda shule, masomo, hata marafiki. Esha mwenyewe nilimchunguza mwezi mzima kabla sijamkaribisha chai. Ulipokuwa unashinda karakana baada ya shule, ukamsaidia Fundi Kaspari kushika mbao, nilikuwa nakuja na kisingizio cha kuhesabu misumeno ili nione vidole vyako viko umbali gani na bledi. Ulikuwa hugeuki. Ulisema tu, "Vyote viko kumi, Mama."

Meno mia, mwanangu. Madogo, yaliyobanana, hayatishi. Na yanajaza unga mpaka mti unaungua.

Nimekuja sasa kwenye wiki hii, nayo imenipa aibu na kicheko kwa pamoja.

Siku mjomba aliposema uje na bledi yako, kesho yake nilikuwa dukani kwa Saidi. Ana aina tatu zinazoingia kwenye mashine ya ukubwa ule: zile mbili unazozijua sasa, na ya tatu. Ile ya tatu ndiyo tunayotumia karakana miaka yote hii. Meno sitini. Yameinama nyuma kidogo. Jino moja limenolewa kuelekea kushoto, linalofuata kulia, yanapokezana, ili uzi wa mti ukatwe pande zote mbili kabla haujang'olewa. Katikati ya meno pana nafasi ya kutosha kutoa unga hata mti ukiwa na mafuta. Na njia inayopitisha kwenye ubao ni nyembamba, haili mbao nyingi, kwa hiyo mstari wa mninga unaokatika huku unaonekana tena kule karibu mahali palepale.

Niliitundika kwenye kidole, nikaigonga kwa ukucha, nikasikiliza. Bibi yako alinifundisha hivyo kwa mitungi. Zamani, maji yalipokuwa yanapandishwa kutoka bondeni, mtungi wenye ufa ulikuwa safari nzima iliyomwagika njiani, kwa hiyo hakununua hata mmoja bila kuugonga. Bledi yenye ufa nayo hutoa sauti ya kufifia. Saidi huwa ananicheka. "Mama Somoe, unanunua bledi au mtungi?"

"Saidi," nikamwambia, "Jumamosi asubuhi mwanangu atakuja hapa kununua bledi. Mpe hii. Ukiona anashika nyingine, mwambie ni mbovu."

"Nyingine si mbovu."

"Najua."

"Kwa hiyo nidanganye. Dukani kwangu. Mbele ya mteja."

"Ni mtoto wangu."

"Kwangu ni mteja," akasema. Lakini ni mtu mwema, akaiweka chini ya meza, ndani ya bahasha ya kaki, akaniahidi.

Nilirudi nyumbani nimetulia. Nikala vizuri. Nikampigia mjomba wako kumwambia asiwe na wasiwasi, bledi ya Somoe imeshapatikana, ni ya meno sitini, nimeigonga mwenyewe.

"Dada," akasema, "nilisema bledi yake. Sikusema bledi yako."

"Issa, mlango ule ni mmoja tu."

"Najua ni mmoja. Mimi ndiye niliyeupandisha kwenye boriti."

"Akikosea je?"

"Atakosea mbele yangu, kwenye mabaki, kabla hajagusa mninga. Nitamweka kwenye mabaki mpaka ayachukie. Lakini akija na bledi uliyoichagua wewe, nitajuaje anachokijua? Nitakuwa namfundisha karani." Kisha akapunguza sauti, kama alivyokuwa akifanya tukiwa watoto nami nimelia. "Umemlea kando ya ile mashine miaka yote hii. Huamini kwamba alikuwa anatazama?"

Nilimwuliza habari za mvua.

Leo asubuhi nilikwenda tena kwa Saidi. Aliponiona tu akainua mikono. "Haijaondoka! Ipo chini ya meza! Hata mke wangu sijamwonyesha!"

"Irudishe kwenye rafu," nikamwambia.

"Umepata ya bei nzuri kwingine?"

"Irudishe tu. Na akija usimwambie kitu mpaka akuulize. Akikuuliza, mjibu kweli."

Akanitazama, akaitoa kwenye ile kaki, akaitundika kwenye msumari pamoja na nyingine. Zikaning'inia tatu, zote zinang'aa sawasawa. Nilitaka kuisogeza ile ya meno sitini kidogo iwe mbele. Saidi akaona mkono wangu. "Mama Somoe," akasema, "nenda kazini."

Nikaenda.

Kwa hiyo barua hii nitakupa stendi, gari la Newala likiwa limeshawashwa. Nimeipanga iwe hivyo. Kesho tutatoka nyumbani pamoja, tutapita dukani, na wewe utaingia peke yako. Mimi nitabaki nje na begi. Ukitoka na kifurushi sitauliza ni ipi, wala sitakigusa. Nadhani utaona nimekunja mikono kifuani kama mtu mwenye baridi, na hakutakuwa na baridi. Usinihurumie. Ni namna yangu ya kuizuia isifungue kifurushi.

Ukisoma mpaka hapa utakuwa umeshachagua. Labda umechukua ile ninayoifikiri. Labda umechukua nyingine, kwa sababu nisiyoijua, maana Fundi Kaspari ameniambia kuna siku ulimpinga juu ya unene wa bledi, na ulikuwa na haki. Hakuwahi kuniambia hapo kabla. Alisema hukutaka nijue, kwa kuwa ningeanza kuja kuhesabu misumeno hata jioni. Na labda umekosea, na mjomba wako ataitazama bledi yako ukifika, kabla ya kukutazama usoni. Kama ni hivyo, simama hapohapo. Mwambie ulivyofikiri ulipoichagua. Usiseme kwamba ulichukua iliyo nzuri. Mimi nilisema hivyo, na ndilo neno ninalolijutia kuliko ile bledi yenyewe.

Mlango utakaposhushwa kutoka kwenye boriti, ukwangue ule weusi kwanza, nje, kwenye upepo. Nilisema mengine utayaona mwenyewe, na hili nimeshindwa kulizuia. Nisamehe hili moja.

Sitaki unitumie picha za kona kwenye simu. Nitazikuza kwa vidole mpaka nione mwanya ambao haupo. Kasha likiisha niambie tu kwamba limeisha, nami nitapanda Makote kwa bibi siku ya mapumziko ya kwanza, nawe uwepo. Sijui ubao ule uliokuficha utakuwa umekaa upande gani, kama ni kifuniko au ubavu, na sijui kama kona zitakuwa zimebana au zimeachia. Nitautafuta kwa mkono mpaka niupate, kisha nitaugonga kama nilivyougonga siku ile, na nitasema, "Hodi, Somoe."

Safari hii uitike.

Mama yako,
aliyekaa hapa jikoni na begi lako, na amelifungua tena.